Haki ya wakili: nani anapewa, nani anajilipia, na kwa nini mara nyingi anachelewa

Mtu akikamatwa, jambo la kwanza ndugu zake wanalouliza ni dhamana. La pili ni wakili: ni bei gani, na kama hatuna hela, serikali si inatoa? Hapo ndipo maneno yanapogongana. Kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, mmoja atakuambia wakili ni haki ya kila mshtakiwa na serikali inalipa. Mwingine atacheka: hayo ni ya Marekani, umeyaona kibanda umiza, hapa ukikosa hela umekwisha. Wa tatu, ambaye shemeji yake alishawahi kukaa mahabusu gereza la Ruanda, atasema wakili wa bure yupo, ila ni wa kesi za mauaji tu.

Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Mwaka 2025 ubishi huo ulipamba moto. Tundu Lissu alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma mwezi Aprili, akashtakiwa kwa uhaini, na mwezi Juni akaiambia mahakama ya Kisutu kuwa atajitetea mwenyewe baada ya kulalamika kwamba hapati nafasi ya kuzungumza faragha na mawakili wake. Watu wakauliza: kumbe mshtakiwa anaweza kusema hataki wakili? Na kama mwanasheria aliyewahi kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) anapata taabu kuonana na mawakili wake, mkulima wa mpunga kule Ubaruku atafanyaje? Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ndiyo, anaweza, kwa kuwa kujitetea mwenyewe nako ni haki. La pili ndilo linahitaji maelezo. Ninachoeleza hapa ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao.

Kwanza tuwafahamu watu wenyewe, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Anayekutetea ni wakili wa kujitegemea, yaani mtu aliyeapishwa, ameandikishwa kwenye orodha ya mawakili na anahuisha leseni yake kila mwaka. Wakili wa Serikali ni mtu mwingine kabisa. Kwenye kesi ya jinai huyo ndiye anayekushtaki kwa niaba ya Jamhuri, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wapo wazazi wanaofika mahakamani wakiambiwa "wakili wa serikali ameshafika", wanashukuru Mungu kuwa mtoto wao amepata wa kumtetea, wanamfuata koridoni na kumsimulia kila kitu. Kisha yupo msaidizi wa kisheria, ambaye wengi wanamwita paralegali. Anakuelekeza, anakusaidia kuandika barua, anakuunganisha na wakili. Hawezi kusimama mahakamani kukutetea, na sheria haimruhusu kukutoza hata shilingi.

Sasa tuje kwenye haki yenyewe. Katiba, katika Ibara ya 13(6), inataka mtu anaposhtakiwa asikilizwe kwa ukamilifu, awe na haki ya kukata rufaa, na asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Neno "wakili" halimo humo. Limo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mtu anayeshtakiwa katika mahakama yoyote ya jinai, isipokuwa mahakama ya mwanzo, ana haki ya kutetewa na wakili. Lakini kuruhusiwa kuwa na wakili ni jambo moja, na kupewa wakili ni jingine. Pale stendi hakuna wa kukuzuia kupanda basi la Dar. Nauli ndiyo utajua mwenyewe. Haki ya kuwa na wakili tunayo karibu wote. Ya kulipiwa wakili inategemea umeshtakiwa kwa kosa gani na uko mahakama ipi.

Kesi nyingi ndogondogo, za kuku aliyeibwa, matusi, ugomvi wa kilabuni, zinaanzia mahakama ya mwanzo. Kwa miongo mingi wakili alikuwa haruhusiwi kabisa kukanyaga huko kikazi, na mwendesha mashtaka vilevile. Wazo lilikuwa kwamba pale ni mahali pa wananchi: hakimu, wazee wa baraza, mlalamikaji na mshtakiwa, kila mtu aseme lake kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na sasa wakili anaweza kuingia ikiwa mahakama hiyo inaongozwa na hakimu mkazi, yaani hakimu mwenye shahada ya sheria. Kwa hiyo yule anayekuambia "mahakama ya mwanzo hakuna mawakili" anazungumzia sheria ya zamani, ingawa kwa vijiji vingi vya Makete au Ileje bado maisha ndivyo yalivyo, kwa sababu tu wakili hayupo karibu.

Juu kabisa, kwenye Mahakama Kuu, ndiko mambo yanakonyooka zaidi. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji, kuua bila kukusudia au uhaini, akiwa hana uwezo, anapangiwa wakili na mahakama, na wakili huyo analipwa na mahakama. Kwa ukanda wetu mashauri hayo yanasikilizwa na Mahakama Kuu kanda za Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga, ama na mahakimu wenye mamlaka ya nyongeza, yaani walioruhusiwa kusikiliza mashauri ya Mahakama Kuu. Yule wa tatu wa kijiweni alikuwa anazungumzia utaratibu huu.

Tatizo kubwa liko katikati, kwenye mahakama za wilaya na za hakimu mkazi. Humo ndimo yanasikilizwa makosa ambayo mtu akitiwa hatiani hana pa kuchomokea. Unyang'anyi wa kutumia silaha: kifungo kisichopungua miaka 30, na dhamana hakuna. Ubakaji: kwa kawaida miaka 30, na kama mtoto ana umri chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Hakimu hata akimwonea huruma mshtakiwa hawezi kushuka chini ya hapo. Na bado, huko ndiko ambako watu wengi wanasimama peke yao kizimbani.

Tazama hesabu inavyokaa. Kijana wa Mbalizi amempiga mwenzake wakiwa wamelewa, mwenzake akafa, kesi ikaishia kuwa ya kuua bila kukusudia. Amepewa wakili, na huenda akafungwa miaka michache. Kijana mwingine wa mtaa huohuo ameshtakiwa kumnyang'anya mtu simu kwa kumtishia panga. Hakupewa wakili, na akitiwa hatiani anatoka akiwa mtu mzima mwenye mvi. Sijawahi kusikia maelezo ya mpangilio huu yanayoniridhisha.

Wapo majaji waliolisema hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliandika hukumu zilizosisitiza kwamba mshtakiwa maskini anatakiwa angalau aelezwe haki yake ya kutetewa, kwa maana haki usiyoijua huwezi kuidai. Baadaye suala likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha. Katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa Novemba 2015, mlalamikaji alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili. Serikali ilijitetea kuwa hakuomba msaada wa kisheria. Mahakama ikasema kwa kosa zito namna hiyo, lenye adhabu kali namna hiyo, alistahili kupewa hata kama hakuomba. Mwaka uliofuata ilitoa uamuzi wa aina hiyohiyo katika shauri la Mohamed Abubakari.

Mwaka 2017 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na hii ndiyo ya kuikumbuka. Ilifuta sheria ya mwaka 1969 iliyokuwa inahusu mashauri ya jinai peke yake. Chini ya sheria ya sasa, jaji au hakimu akiona kwamba haki inahitaji mshtakiwa atetewe, na kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kulipa, anatoa hati ya kuelekeza apatiwe msaada wa kisheria. Hilo halikomei kwenye mauaji. Linaweza kutumika kwa kesi ya unyang'anyi pale mahakama ya wilaya ya Rungwe, au ya ubakaji kule Mafinga. Ila hakimu ana mafaili mengi mezani, na mshtakiwa aliyekaa kimya anaonekana ameridhika. Kwa hiyo sema. Siku ya kwanza kabisa, baada ya kusomewa shtaka, inua mkono useme: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba mahakama yako inipatie msaada wa kisheria." Halafu hakikisha hakimu ameandika. Kama ombi limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi, hata likikataliwa litakuwa na maana siku ya rufaa. Lisipoandikwa, itakuwa kama hukuwahi kulitamka.

Lakini hata wakili akipatikana, swali linabaki: anafika lini? Kwa maoni yangu hapa ndipo kesi nyingi zinapopotea, kituo cha polisi, kabla hata karani wa mahakama hajafungua jalada.

Sheria inasema mtu aliye chini ya ulinzi, akiomba, apewe nafasi ya kuwasiliana na mwanasheria, ndugu au rafiki. Polisi anaweza kukataa kwa sababu maalumu tu, kwa mfano akiwa na hofu ya msingi kwamba mshirika wako atatoroka au ushahidi utaharibiwa. Na kabla ya kuhojiwa, lazima uambiwe kosa unalotuhumiwa na uonywe kwamba hulazimishwi kusema lolote, ila ukisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Maandishi yake ndiyo yanayoitwa maelezo ya onyo. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Muda wa kusafirishwa hauhesabiwi, kwa hiyo aliyekamatwa machimboni Chunya akaletwa Mbeya mjini asianze kupiga mahesabu ya barabarani.

Ukipata bahati ya kusoma maelezo ya onyo ya watu mbalimbali utaona kitu kimoja. Karibu na juu kuna swali linalofanana na hili: je, uko tayari kutoa maelezo mbele ya ndugu, rafiki au mwanasheria wako? Na jibu, kwenye jalada baada ya jalada, ni moja: niko tayari kutoa maelezo yangu peke yangu. Chini yake sahihi, au dole gumba. Labda wote walisema hivyo kwa hiari zao. Labda wengine hawakujua kwamba lile lilikuwa swali. Walidhani ni utaratibu wa kuandika tu, kama kutaja kabila na kijiji. Mtu akishaweka dole, wakili atakayekuja miezi minane baadaye anapambana na karatasi ambayo mteja wake mwenyewe ameisaini.

Kesi za mauaji nazo, pamoja na wakili wake wa bure, zina shimo hilohilo. Mshtakiwa anapelekwa kwanza mahakama ya wilaya, ambako anaambiwa asijibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka. Kisha upelelezi, tarehe za kutajwa, hadi mwenendo kabidhi, yaani hatua ya kukabidhi kesi, unapomhamishia Mahakama Kuu. Muda wote huo yuko mahabusu, na wakili wa kupangiwa hajapangiwa bado. Akipangiwa, si ajabu wakaonana kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya kesi, au asubuhi ileile, wamesimama mlangoni. Siwalaumu mawakili hao moja kwa moja. Malipo ya kazi hiyo ni madogo na wengi wanaifanya pembeni ya kazi zinazowalisha. Ndugu wa mshtakiwa ndio wanaoweza kusaidia hapa: ulizeni kwenye masjala ya mahakama jina la wakili aliyepangiwa, mtafuteni mapema, mpelekeeni majina ya mashahidi na mahali wanapopatikana. Wakili huyo haji kijijini kwenu kuuliza ni nani alikuwa na mshtakiwa usiku ule.

Kuna wanaosema: kama hukutenda, ukweli utajitetea. Laiti ungekuwa na mdomo. Mahakama ina taratibu zake, na asiyezijua anakosea kwa nia njema. Shahidi anamaliza kutoa ushahidi, hakimu anamwambia mshtakiwa, "Muulize maswali." Mshtakiwa anasimama: "Mheshimiwa, huyu ananichukia tangu tulipogombea mpaka wa shamba." Hakimu: "Hayo utasema kwenye utetezi. Una swali?" "Sina, Mheshimiwa." Anakaa. Alikuwa na neno zito kweli, ila hakulitia kwenye swali. Na Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba asipomhoji shahidi juu ya jambo la msingi, anachukuliwa kuwa amelikubali. Wakili angeuliza: "Shahidi, ni kweli mwaka juzi mligombea mpaka na mshtakiwa?" Dodoso moja tu.

Au chukua maelezo ya onyo yaliyotolewa kwa kipigo. Upande wa mashtaka unapoomba kuyatoa kama kielelezo, mshtakiwa anaulizwa kama ana pingamizi. Hapo ndipo pa kusema "nilipigwa" au "sikusema hayo", na mahakama inasimamisha kesi kwanza ichunguze dai hilo. Asiyejua anasema "sina pingamizi", akiwa na mpango wa kulieleza kwa kirefu siku ya utetezi. Siku hiyo anaambiwa amechelewa.

Kukiri nako kuna mtego. Mtu anasomewa shtaka la wizi wa ng'ombe, anajibu: "Ni kweli nilimchukua, ila ni ng'ombe wa urithi wetu." Huku si kukiri kosa; amekiri kuchukua na palepale akakana kuiba, na hakimu makini ataandika kwamba amekana. Lakini akikatishwa baada ya "ni kweli nilimchukua", njia ya rufaa inakuwa nyembamba, kwa sababu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu. Kama Kiswahili chenyewe kinasumbua, mathalani bibi aliyezaliwa na kuzeekea kwenye Kikinga au Kihehe, omba mkalimani. Hiyo nayo ni haki, na haina malipo.

Lawama nyingine husikika misibani: wakili anajua kabisa huyu ameua, anamteteaje? Wakili hatoi ushahidi kuhusu moyo wa mteja wake. Kazi yake ni kuulazimisha upande wa mashtaka uthibitishe bila kuacha shaka, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha ni wao. Wakilegea kwa mwenye hatia leo, kesho watalegea kwa mwanao aliyefananishwa.

Kwa watoto, yaani walio chini ya miaka 18, mambo ni tofauti kidogo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa mahakama yao, ambako mtoto ana haki ya kuwakilishwa na kuwa na mzazi au ndugu. Mbeya ni kati ya miji michache yenye jengo la mahakama ya watoto, na shule ya maadilisho ya Irambo iko mkoani hapahapa. Kosa la wazazi wengi ni kukubali umri uandikwe kwa kukadiria. Pelekeni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hata cha ubatizo, siku hiyohiyo.

Kuhusu kumpata wakili, jihadharini na vishoka, yaani mawakili wa bandia. Mara nyingi wako nje ya uzio wa mahakama, wamevaa suti, wanajua majina ya makarani wote na wanataka hela mkononi kabla hujakaa. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, kisha litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, au waulize TLS. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa. Akikuambia fedha nyingine ni "ya hakimu", ondoka hapo. Asiye na fedha aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria aulize watoa huduma walioandikishwa. Na kwa walio ndani, sheria ya 2017 inayataka magereza na polisi kuweka utaratibu wa kuwafikishia msaada huo.

Na kama hukumu imeshatoka bila wakili, hesabu siku, usihesabu wiki. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30 za kukata rufaa. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Mfungwa hahitaji wakili kwa hatua hiyo ya kwanza: anamwambia mkuu wa gereza kuwa anataka kukata rufaa, na karatasi zake zinapitia hapo hadi mahakamani.